Swali la Nne

Usiku wa Oktoba, Gunungkidul. Tangi la mvua linalia likigongwa.
Nimekaa jikoni na mtihani wa mwaka jana,
natafuta pa kuanzia, naona neno lile lile:
Taja. Taja. Taja.
Taja hatua nne za mzunguko wa maji.
Wakazitaja, watoto thelathini na sita,
mvuke, wingu, mvua, mto,
wakachora na vishale vya buluu,
kisha wakaenda nyumbani kungoja lori la maji.

Panggih alipata mia kwa mia.
Nilipomuuliza kiwanjani, mto wetu basi uko wapi,
alitazama viatu vyake.
(Uko chini, Panggih. Mawe yetu ya chokaa
huinywa mvua kabla haijapata jina.)

Kukariri, kufikiri: sauti zinafanana kama mapacha,
nami miaka kumi na miwili
nimekuwa nikimwita mmoja kwa jina la mwenzake.

Nafuta.
Nafuta la kwanza, la pili, na lile la kuchagua
pamoja na vipotoshi vyake vitatu.
Nilifundishwa kuvitunga: kipotoshi kizuri
ni uongo uliochana nywele.
Viende zao.

Swali la nne nalianza upya, kwa jedwali.
Kaya tatu, lori moja, lita elfu tano.
Kwa Pak Tukiman: watu wawili, ng'ombe wanne.
Kwa Bu Ngatinem: watu saba, mmoja bado ananyonya.
Kwa Mbah Saminten: bibi peke yake, na matuta ya pilipili.
Gawa. Tetea mgao wako mbele ya aliyepata kidogo.
Halafu: namba ipi katika jedwali huiamini, na kwa nini?

Nikamwonyesha Pak Wasidi wa hesabu.
Akavua miwani. "Jibu lake lipi?"
Yapo mengi, nikasema, na mabovu yapo pia.
"Utasahihishaje sasa?"

Hapo ndipo palipokula usiku wa pili:
alama moja kwa hesabu inayofunga,
moja kwa sababu isiyo huruma tupu,
moja kwa kumwona aliyekosa,
moja kwa shaka yenye mguu wa kusimamia.
Aliyegawa sawa kwa sawa bila neno, nusu.

Siku yenyewe kalamu zilikaa kimya.
"Bu, hili halimo kitabuni."
Najua.
Mtu akaanza kutafuna rula.

Wuri, wa dirisha lililopasuka, huandika kidogo.
Aliandika:
Swali limekosea. Lori halifiki kwa Mbah Saminten.
Linasimama msikitini, njia ni nyembamba.
Kutoka hapo ni ndoo, na ndoo nabeba mimi.
Kila ndoo humwagika kiasi.
Jedwali halina safu ya anayebeba.

Kalamu nyekundu niliishika, nikaiweka.
Mwongozo wangu, kurasa mbili, haukuwa na mstari wa hilo.
Kusahihisha, nilidhani, ni kitu
mwalimu humfanyia mtoto.

Nikaongeza mstari wa tano kwa mkono,
umeinama, umebanwa pembeni,
nikarudia karatasi kumi na tisa nilizokwisha kupima,
nione nani mwingine alisema nami sikusikia.
Panggih alikuwa amegawa sawa kwa sawa, nadhifu,
na chini, kwa herufi ndogo, kitu amekikata:
au labda ng'ombe
Hakumaliza.
Nimekaa na maneno hayo matatu
kuliko nilivyowahi kukaa na mia yake.

Wuri nimempa nne kati ya tano.
Aliyoikosa ni ile ya hesabu.
Kila ndoo humwagika kiasi: kiasi gani, binti?
Nimeliandika pembeni, swali hilo,
na silo la mtihani.
Nataka anipimie.