Beseni Moja

Mvua haijafika Nkuhungu. Zimefika habari zake:
wingu moja upande wa Mvumi,
kumbikumbi wanaokufa kwenye taa,
fundi wa bati kupandisha bei.
Nami nimeapa, haitanikuta na uchafu huu.

Toka Agosti upepo umehamia humu ndani
na vumbi lake jekundu. Umelipanga
juu ya kabati, ndani ya sukari, katikati ya meno.
Haulipi kodi, wala hausemi unaondoka lini.

Leo Jumanne, siku ya maji.
Ndoo sita, madumu mawili.
Chandarua nimekivua, godoro nimelitoa uani,
pazia linanuka maziwa yaliyocheuliwa Aprili.

Beseni ni moja.
Na ndani ya beseni yupo Nasoni,
miezi minane, amekaa kama diwani,
kijiko mkononi, anafungua kikao.
Nikimtoa, anaelekea jiko la mkaa.
Nikimrudisha, nguo hazina pa kufuliwa.
Basi nafua kwenye sufuria ya ugali,
nepi moja, soksi mbili, nepi moja,
na mama mkwe asijue.

Mama mkwe. Kila Jumapili simu inatoka kwake:
mbukwenyi, mtoto anacheza? Anacheza, mama.
Na kitovu, mlikizika wapi?
Chini ya mzabibu, mama. Ule wa uani.
Sijawahi kutetereka.
Uongo nao ukimwagiliwa kila wiki
unashika mizizi.

Kweli yenyewe: kilidondoka siku ya sita,
usiku, umeme umekatika,
mimi nusu mtu, nusu ziwa.
Asubuhi nikakung'uta kanga zote.
Ndahani akamulika kwa simu hadi chaji ikaisha.
Tukasema panya.
Tukakubaliana: mzabibu.

Saa saba nadeki sebuleni, mgongo unanisengenya,
nikasikia kimya.
Mwenye mtoto anakijua kimya hicho.
Beseni limepinduka. Kijiko kipo, diwani hayupo.
Nikamvuta kwa mguu kutoka uvungu wa kitanda,
ile kona ambayo ufagio wangu
huwa unaipungia mkono tu.
Vumbi hadi kwenye kope. Na mdomo unatafuna.

Nikatia kidole. Kitu kidogo, cheusi, kigumu.
Zabibu kavu, nikadhani;
mji huu zabibu zinaingia hata kwenye viatu.
Nilishainua mkono nikitupe kwenye taka
nikaona uzi.
Uzi mweupe wa wodini, fundo bado limekaza.

Nikakaa chini hapo hapo, kwenye maji ya kudekia.
Sijui nilicheka au vipi.
Yeye alilia, akinyoosha mikono yote miwili,
anataka chake.
Na kweli kilikuwa chake.

Tulikwenda uani, nimembeba kiunoni.
Jembe limeazimwa tangu Eid, nikachimba kwa kijiko.
Udongo mgumu kama ukoko. Nilichimba hadi kikapinda.
Hapakuwa na mchungaji, hapakuwa na bibi wa kunuia,
palikuwa na kuku mmoja aliyefikiri ni chakula.
Nikafukia. Nikamwagia maji ya nepi,
maana Dodoma maji hayatupwi,
na mzabibu haujawahi kubagua.
Nasoni akachota udongo wa juu akaulamba.
Nikamwacha alambe mara moja.

Jumapili simu ikilia
nitajibu vilevile, neno kwa neno.

Ndipo radi ikapiga upande wa Mvumi,
na tone la kwanza, nene, la baridi,
likaanguka katikati ya godoro.
Nguo kwenye kamba. Pazia kwenye ua. Mlango wazi.
Mimi mmoja, mikono miwili, mtoto kiunoni.
Nikakimbia kwanza kutafuta beseni.