Mali ya Jicho

Mimi ni karani. Huandika, sisemi.
Lakini kesi ya Domicelė na Zenonas
imekataa kulala ndani ya faili.

Kijiji chao kiko kaskazini ya Utena, Lithuania,
theluji hukawia huko mpaka Aprili,
na kila ua una mizinga mitatu minne
iliyopakwa rangi ya samawati.

Sheria ni fupi. Niliinakili mara mbili:
nyuki ni mnyama wa porini, hana bwana.
Akiwa mzingani ni wako.
Kundi likihama ni lako bado
maadamu unalifuata, na jicho halijalipoteza.
Jicho likikosa, nyuki amerudi kuwa wa Mungu,
na cha Mungu huokotwa na aliye karibu.

Basi Juni, saa saba mchana,
kundi likafumuka kwa Domicelė
kama moshi wenye hasira.
Bibi wa miaka sabini na tisa, ndara miguuni,
anagonga sufuria kwa mwiko,
akaruka mtaro, akakanyaga viazi vya watu,
akashika njia ya shayiri.
Fuata nyuki ule asali, walisema wahenga;
hawakusema ufuate kwa kiungo gani.
Yeye alifuata kwa masikio.

Husemwa macho hayana pazia.
Yake yalikuwa nalo. Mtoto wa jicho kulia,
mtoto wa jicho kushoto,
watoto wawili weupe wamekaa mlangoni
wanafukuza wageni.

Zenonas alilikuta kundi linaning'inia kwenye mtofaa wake
mfano wa ndevu. Akaleta sanduku, akalikung'uta.
Hakuiba. Aliangalia kwanza barabarani
akamwona jirani yake kasimama katikati ya shayiri,
sufuria imenyamaza,
uso ameuelekeza upande usio.

Wakili Rimgaudas, kijana, viatu vinang'aa, aliuliza:
"Bibi, uliwaona wakitua?"
"Niliwasikia."
"Sikuuliza masikio. Uliwaona?"
Nilingoja na kalamu yangu.
Akapapasa ukingo wa kizimba, kama anayetafuta swichi.
"Hapana."
Nikaandika: Hapana.
Neno moja, likaondoka na nyuki elfu ishirini.

Hakimu alisoma hukumu harakaharaka;
kesi ya ng'ombe ilikuwa inasubiri.
Ng'ombe ni rahisi. Ana kamba.

Nami nikabaki na jambo lisilokuwa na kifungu:
kwamba katika lugha ya watu hawa
neno la rafiki wa kushibana limezaliwa na nyuki,
kwamba ng'ombe hufa, mbwa hufa, hata farasi wa padri hufa,
lakini nyuki husemewa kitenzi cha binadamu.
Nyuki hufariki.

Februari, baridi ya kupasua ndoo,
Zenonas alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi.
"Wamefariki," akasema. "Wote. Nimewakuta sakafuni mwa mzinga.
Nataka kujua pa kuandikisha."
Nilifungua droo. Kuna fomu ya mbwa,
kuna fomu ya bunduki, ya kisima, ya ukuta.
"Mali ni yangu," akasema, "mlinipa kwa mhuri.
Ila msiba ni wake. Sasa nifanyeje?
Nikienda, atanijua? Haoni tena hata dirisha."

Nikaifunga droo.
"Ongea," nikamwambia. "Anza kuongea
kabla hujafika langoni."

Hilo sikuliandika popote.