Asilimia Tatu

Wameniita Kanyenye, ofisi ya wafuga nyuki.
Madumu ya asali yamepangwa hadi barazani
na nyuki wachache waliopotea njia
bado wanadai chao kwenye vifuniko.
Mgalula, mwenyekiti, hata salamu hana:
"Fundi, hii mashine ni mvivu.
Nayo imemwambukiza Kalunde."

Kalunde hajibu. Alibofya risiti moja
nikiwa sijavuka reli, na mpaka nashuka baiskeli
kile kiduara kilikuwa bado kinazunguka.

Nafungua orodha ya kazi. Nasubiri ifunguke.
Nahesabu matofali ya ukutani, nayarudia.
Kichakataji: asilimia tatu.
"Tatu!" Mwenyekiti anapiga meza.
"Si nilisema? Kimekaa tu!"

Kimekaa, ndiyo. Lakini kukaa kuna aina.
Kumbukumbu, nusu yake iko wazi.
Virusi hakuna, nimepekua hadi uvunguni.
Mtandao nimeuchomoa, hali ni ileile.
Feni inajizungukia, haina jasho.

Basi nikaweka sikio kwenye kasha
kama mtu anavyoweka sikio kwenye mzinga
ajue kama wenyewe wamo.

Tk.
Kimya.
Tk, tk.

Sindano inasoma mahali palipochubuka,
inakosa, inarudi, inasoma palepale,
na nyuma yake foleni ya diski, mia kwa mia.
Kichakataji kimenyoosha mkono tangu saa mbili:
nipeni namba nijumlishe.
Kujumlisha ni kufumba na kufumbua.
Namba ndiyo haijafika.

Nikakumbuka kichwa cha treni pale stesheni,
injini inanguruma, dereva keshavaa kofia,
taa ya njia ya Mpanda bado nyekundu.
Hakuna amwitaye dereva mvivu.
Au wanamwita. Abiria wana midomo.

Namwonyesha mwenyekiti mistari miwili:
huu umelala, huu umegonga dari.
Anaitazama kuliko nilivyotegemea.
"Kwa hiyo anayesubiri," anasema,
"ukimwona, utadhani hana kazi."
Hamtazami Kalunde. Kalunde anamtazama yeye.

Kunakili kulikula usiku na nusu ya siku.
Majina mia nne na kumi na mbili yalivuka salama,
kasoro saba ya watu wa Ipole,
yaliyokuwa yamelala juu ya kidonda.
Hayo Kalunde aliyaandika upya kwa kichwa,
na idadi ya mizinga, na nani anadai nini.

Diski mpya haina sindano, haina sauti.
Risiti inatoka kidole hakijanyanyuka.
Mgalula akacheka hadi akakohoa:
"Kumbe nguvu zilikuwamo!"

Kalunde akafunga droo, akazungusha ufunguo taratibu.
"Mwenyekiti," akasema,
"barua yangu ya likizo iko mezani kwako.
Tangu Februari."