Zloti Mia Saba

Hapa Łódź, mtaa wa Zgierska, lipo duka la Gracjan.
Tramu yangu hulipita mara kumi na moja kwa zamu,
na mara kumi na moja ile pedali nyekundu dirishani
hunitazama kama mtu anayenidai.

Nina miaka hamsini na mmoja. Nina gitaa
la rangi ya supu ya bitiruti,
nililonunua kwa jirani ambaye mwanawe alihamia Dublin
akaacha gitaa, skii, na deni la simu.
Najua mikao mitatu ya vidole; wa nne hukoroma.
Na tangu Ijumaa nina zloti mia saba,
malipo ya usiku wa theluji
nilipoendesha tramu tupu hadi alfajiri
ili barafu isishike waya.

Karakana nzima ni madaktari.
Wit anasema, badili pikapu,
nami kwa kitambo naona gari la kubebea viazi
likipandishwa juu ya gitaa.
Ludomir anasema amplifaya, kubwa, ile ya kupasha chumba joto.
Ludomir haishi juu ya Bi Teodozja,
ambaye nikigusa uzi mmoja tu
hugonga bomba la hita kwa upawa.
Mke wangu Jagna hakusema kitu.
Aliangalia buti zake.

Mchagua jembe si mkulima, najua.
Lakini mwenye jembe lisilo na mpini
atalima na nini, meno?

Jumamosi nikalibeba, limefungwa blanketi.
Gracjan hakuwepo. Alikuwepo bintiye, Kalina,
kucha zimetafunwa, sweta kubwa kumliko.
Nikaonyesha kidole dirishani: ile nyekundu.
Hakuichukua.
Alilaza gitaa mezani, akafumba jicho moja,
akaiangalia shingo kwa urefu wake,
akapiga uzi mnene. Ukanguruma
kama nyuki ndani ya kopo.
"Nyuzi hizi ulibadilisha lini?"
Nikasema: kwani hubadilishwa?

Hakucheka. Hilo sitalisahau.
Alizikata zote sita, zikajikunja na kutu zao,
akafuta ubao, akazungusha skrubu robo, robo tena,
akasugua kile kimfupa cheupe kwa tupa nyembamba,
huku akisema na gitaa, si na mimi:
ulikuwa umebanwa, maskini, ulikuwa umebanwa tu.

Dakika arobaini. Akanipa.
Na ule mkao wa nne, mkoromaji,
ukatoka mzima.
Miezi saba nilikuwa nikivilaumu vidole vyangu.

Kwenye risiti: nyuzi nyembamba, pakiti mbili. Kazi ya mkono.
Kipimasauti cha kubana kichwani mwa gitaa.
Mkanda usioteleza.
Hedifoni, na kidude cha kuzichomekea,
kwa heshima ya Bi Teodozja na upawa wake.
"Na ile nyekundu?" nikauliza tena, kama mtoto mbele ya peremende.
"Ile hurefusha kosa," akasema.
"Njoo uichukue siku kosa lako litakapokuwa zuri."

Zilizobaki zikawa buti.
Jagna alitembea nazo jikoni, mpaka dirishani na kurudi,
akauliza bei, nikadanganya,
akajua.

Msidhani nimepona.
Kipya kinyemi ingawa kidonda,
na kila saa kumi na robo kidonda changu
kilikuwa pale kwenye kioo, chekundu.
Mpaka jana. Jana palikuwa na mraba mdogo
usio na vumbi.

Chini ya mguu wangu wa kulia ipo pedali moja,
mali ya mji, ya kengele.
Nikaikanyaga, kwa muda mrefu.
Relini hapakuwa na mtu.
Abiria wawili wakainua vichwa.

Ni La, imeshuka kidogo.
Nimeipima.