Nyundo ya Bi Mize

Ng'ambo ya hori, upande wa Mtambwe,
Bi Mize anagonga kokoto.
Naona nyundo ikitua. Kimya.
Mkono ushapanda tena, ndipo: ko!
Nikadhani ana nyundo mbili,
moja ya jicho, moja ya sikio.

Shaame, wa kidato cha pili, akanicheka.
Akatupa kidaka majini, mbali kidogo.
Mawimbi yakakipita;
kikapanda, kikashuka, palepale.
"Maji hayaji huku. Kinachokuja ni msukumo.
Na hewa ndiyo hivyo:
chembe hii huikumba ile, ile ya pili yake,
kisha kila moja hurudi kwake.
Habari ya msiba si hutoka Limbani
ikafika Jadida,
na kila mtu yuko barazani pake?"

Tukahesabu kwa saa yake ya mkononi:
sekunde mbili na ushei.
Basi mita mia saba.

Jana Bi Mize alipiga mara moja,
akaiachia nyundo,
akajishika kiuno.
Yeye keshapumzika,
na pigo lake li bado njiani,
juu ya mikoko,
linakuja.