Laini Mbili

Usiku ule wa Makorora nilikohoa mara moja tu,
kama mtu anayebisha hodi kwa adabu,
na mlango ukafunguka wote.
Damu nyekundu, ya povu, ya moto kama chai.
Mwanakombo akakinga bakuli la maua la harusi yetu,
likajaa, akakinga sufuria.
Hakupiga yowe. "Singano, lalia ubavu wa kulia,
ule wa TB." Sijui alijuaje.

Miaka thelathini na moja nimefukua barabara za Tanga,
Chumbageni, Mikanjuni, Raskazone,
nikitafuta bomba lililopasuka chini ya watu waliolala.
Naijua sauti ya maji yanayopotea.
Sikujua kama na mimi ninayo.

Daktari Nakiete alichora nyuma ya kadi ya kliniki:
mshipa mkubwa, unaopeleka damu ikachukue hewa;
na mwingine mwembamba, wa kulilisha pafu lenyewe.
Huu mwembamba kovu limeunenepesha. Ndio unaovuja.
"Kumbe laini mbili," nikasema,
"ukifunga moja nyumba haikauki."
Akanitazama kama niliyemwibia mtihani.
Basi nikamuuliza la kifundi:
umekagua kama bomba hilo halimpelekei na jirani?
Kalamu ikasimama.
"Uti wa mgongo," akasema polepole.
"Mara nyingine nao hunywa hapohapo. Nikiuona, sifungi."
Nikatia sahihi, kwa sababu hakunificha.

Waliingilia kinenani,
tundu la kupitisha njiti ya kiberiti.
Ganzi hapo tu; macho yangu waliniachia.
Mrija ukapanda tumboni, sikuhisi kitu
ila aibu kidogo, na baridi ya kiyoyozi.
Kwenye skrini wino ukachanua kifuani mwangu
kama mizizi ya mwarobaini ndani ya bomba la zege.

"Usikohoe sasa, mzee."
Rahisi kusema.
Nikashika chuma cha kitanda, nikahesabu valvu za Ngamiani,
barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
na nilipofika ya kumi na nne akaachia punje,
ndogo kuliko chenga za sembe.
Hazikusukumwa hadi penye ufa. Zilielea,
zikafuata kasi, zikajazana.
Mvujo wenyewe ukabeba kizibo chake!
Miaka yote ile na sururu, hilo sikulifikiri.

Mizizi ikafifia, moja moja. Likabaki shina.

Siku ya tatu nilitema kilichosalia,
cheusi, kama kutu ya bomba la mkoloni.
"Nimeziba," daktari alisema, "sijaponya.
Kovu lipo. Linaweza kurudi."
Nikacheka, kwa uangalifu.
Mimi ndiye wa kuambiwa habari za kiraka?

Mwanakombo ameliosha bakuli kwa majivu na chumvi,
amelirudisha kabatini.
Si kule nyuma lilikokaa tangu harusi.
Mbele, penye mkono.