Shilingi Ishirini, Mizunguko Mitatu

Nianze na sifa, nisije nikaambiwa nina choyo.

Chumba changu kiko Langoni, nyuma ya fundi makubadhi:
runinga mbili, feni moja inayokohoa,
na gemu hii ya mbio za barabarani
niliyoinunua kwa pesa za kuwapaka maharusi hina.

Sifa ya kwanza ni mvua.
Aliyeitengeneza mvua ile amewahi kulowa:
lami inang'aa mpaka taa za maduka
zinamwagika chini kama rangi ya kashata.
Ya pili ni mlio. Gari la buluu, lile bovu la kuanzia,
hunguruma hadi vikombe vyangu vikagongana kabatini,
na mavyaa, huko juu, akauliza nani ananunua mashine ya kusaga.
Ya tatu sijui niiiteje. Kona.
Unavuta breki ya mkono, matako ya gari yanatoka kando,
roho inabaki nyuma kidogo,
halafu inakufikia.
Kwa hiyo peke yake, ishirini si ghali.

Sasa kasoro.
Mji mzima ule, ghorofa juu ya ghorofa, hauna mtu.
Nimeuzunguka usiku nikitafuta hata muuza mahamri.
Madirisha yana taa, hayana pazia.
Ukiparamia ukuta, gari linapepesa mara tatu, linarudi jipya,
kana kwamba kosa ni vumbi la kupangusa.
Polisi wana king'ora kimoja na akili moja.
Na mwanamke pekee mle ndani
nguo haijamtosha, anapunga bendera, hapewi usukani.

Kwetu hapa, punda wawili wa mchanga wakikutana kichochoroni
mmoja hurudi kinyumenyume,
na wenye punda hujuliana hali
mpaka habari ya shangazi wa mwisho.
Humo ndimo alimokulia Lali wa Bi Mwanaate,
mchukuzi wa mawe, bingwa wa chumba changu:
dakika nne na sekunde mbili,
nimeziandika ukutani kwa mkaa, hazijafutwa.
Vidole vyake vina sugu ya kamba,
lakini vikishika padi
vinatembea kama vya mshona kofia.

Mwezi uliopita alivuka Mokowe kufuata simiti.
Aliyenihadithia ni Famau, waliyekwenda pamoja.
Lali mwenyewe hajasema neno.
Kwamba alisimama kando ya lami, mfuko mkononi,
lori likapita, pikipiki ikapita, lori tena,
na bingwa wangu hakujua pa kutia mguu.
Robo saa.
Mpaka kitoto cha shule, cha kike,
kikamshika kidole kikamvusha.

Gemu haikumfunza hilo. Haikuahidi.
Mimi pia sikumfunza,
na ishirini zake nilizipokea.

Jana kaja baada ya Isha, kaweka sarafu,
kachagua gari la buluu, lile bovu.
Tatu, mbili, moja: wenzake wakatimka,
yeye akaondoka kama aliyepakia mayai.
Taa nyekundu, akasimama.
Watoto wakazomea. "Lali, umelala?"
Maandishi yakawaka kumwambia anashindwa.
Akaushika mtaa wa taa za kashata kwa mwendo wa punda,
kila pembe akapiga honi ndogo,
kama mtu anayebisha hodi.

Akaegesha.
Nyuma ya pipa la taka, pale tunapopita kwa mia mbili
kila siku ya Mungu,
mtu alichora paka.
Amelala. Mkia unatikisika.
"Mwaka mzima," akasema Lali, "tumempita."
Watoto wakasogea mpaka pua zikagusa kioo.
Hata Shekuwe, asiyenyamaza, alinyamaza.

Muda ukaisha. Wa nane kati ya wanane.
Paka yule bado sijui nimtie wapi,
kwenye sifa au kwenye kasoro.
Ishirini ya Lali nimeiweka kando.
Sijaitumia.